Jibu: Binti wa kidato cha pili asome Flowers in the Attic?

Dada, umeuliza kama umwachie binti yako riwaya hiyo uliyoikuta sokoni Mwanjelwa. Mimi nasema asubiri. V.C. Andrews aliitoa 1979: watoto wanne wanafungiwa darini kwenye jumba la babu yao ili mama yao apate urithi. Kinachotisha humo si mzimu, ni mama mzazi. Anakuja kuwaona mara chache zaidi na zaidi, nawe unafunua ukurasa ukitumaini safari hii atawatoa. Haiachiki, hasa usiku wa baridi ya Julai hapa Mbeya! Lakini bibi yao ni mkatili mno, na kaka na dada kati ya watoto hao wanafikia kufanya mapenzi. Isome wewe kwanza. Akifika kidato cha tano, mpe, kisha mzungumze.