Vijana wa kriketi wanisaidieje kufundisha wadogo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Klabuni kwetu hapa Dar kuna madogo kama 30 na kocha ni mimi peke yangu, nikawaomba vijana wa miaka 15, 16 wanisaidie, sasa wakawa wanapiga mpira wao tu, madogo wanaangalia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba kocha. Wazo zuri sana hilo, ila umewapa kazi bila kuwaonyesha inafanywaje. Kila kijana mpe madogo 6 na zoezi moja tu, mfano kurusha mpira mkono ukiwa umenyooka, na kabla hajaenda kwa watoto akufundishe wewe kwanza, maana utakuta mtu anarusha vizuri kabisa ila kuelezea hawezi. Na msaidizi asishike gongo la kupigia mpira, yeye arushe tu. Tumieni mpira wa tenisi jamani, ule mgumu wa ngozi una gramu 156 hivi, ukimpata mtoto usoni ni balaa, na zile mita 20 za kati ya wiketi, yaani vile vijiti vitatu vya kila upande, zipunguzeni. Halafu vijana wasiachwe peke yao na watoto, mtu mzima awepo muda wote, hapo sina mjadala. Mkimaliza kaa nao dakika 10 uwaulize nani leo kaogopa mpira, nani hakupata zamu.