Draya inachafua na kuchana nguo, nitupe ninunue mpya?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi niko Columbus, Ohio, nina watoto wanne kwahiyo draya yangu, mashine ya kukaushia nguo, haipumziki hata siku moja. Niliinunua ya mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama, ilikuwa inafanya kazi vizuri tu mpaka juzijuzi nikaanza kuona mashuka meupe yanatoka na mistari ya kahawia kwenye pindo, nikadhani watoto wameacha kalamu mfukoni, nikayafua tena, yakarudi vilevile na nyongeza. Sasa imefika mpaka kwenye kitenge changu, doti nzima sijaishona bado, kimechanika ukingoni kama kimetafunwa na panya, na kanzu ya mzee ina weusi kwenye mkono. Halafu siku hizi inakwaruza, unasikia chuma kabisa. Kuna fundi alikuja akachungulia kidogo akasema oili inavuja, ninunue mpya. Ni kweli jamani? (Mama wa wanne, Columbus)

JIBU: Pole sana dada yangu, hasa kwa hicho kitenge. Hela zako ziweke kwanza. Draya ya nyumbani haina tenki la oili wala gia zinazoogelea kwenye mafuta, kwahiyo cha kuvuja mpaka kichafue mashuka hakipo humo ndani. Huyo aliyekuja sijui alichungulia nini.

Mi mtu akiniletea kesi ya draya naomba kwanza nizione nguo, bisibisi baadaye, manake nguo zinasema kila kitu. Vitobo vidogovidogo katikati ya nguo mara nyingi ni zipu iliyoachwa wazi, au ndoano za sidiria, au zile mbavu za plastiki zinazonyanyua nguo ndani ya ngoma (lile pipa linalozunguka), moja imepasuka. Madoa yanayong'aa kama mafuta ni zile karatasi za kulainisha nguo, unaweka nyingi mno. Nguo inayotoka ya njano na imekakamaa, hapo ni moto umezidi. Lakini weusi au kahawia kwenye PINDO, pamoja na kuchanika hapohapo kwenye pindo, na juu yake kukwaruza, hiyo ni nguo inabanwa kati ya ngoma na bodi ya mbele. Ndio yako.

Iko hivi. Ngoma kwa nyuma inashikiliwa na rola au ekseli, kwa mbele kwenye mashine nyingi za huko Marekani mdomo wa ngoma umekalia vipande vidogo vya plastiki ngumu, na pembeni yake kuna utepe mnene wa felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) unaoziba mwanya. Ngoma inazunguka kama mara 50 kwa dakika, sasa piga hesabu, mzigo mmoja wa dakika 45 ni zaidi ya mizunguko 2,000, na wewe una watoto wanne. Plastiki zinaisha, ngoma inashuka chini kidogo, felti inaliwa, mwanya unafunguka, ncha ya shuka inaingia huko inasuguliwa na chuma chenye moto na vumbi lililoungua. Ule weusi ndio huo vumbi.

Kuhakikisha ni rahisi. Chomoa plagi, fungua mlango, shika mdomo wa ngoma kwa juu unyanyue. Ikicheza kidogo tu sawa, ikipanda na kushuka ikagonga tok, plastiki zimekwisha. Halafu chukua karatasi ya daftari uipitishe kuzunguka ule mdomo wote, inapozama ndipo nguo zinapoingilia. Kuanzia leo usiweke nguo ya maana humo, zianike bafuni au popote, kila mzigo unaopitisha unazidi kula felti na ngoma yenyewe, na ngoma ikishalika ndio hapo kweli utanunua mpya.

Kutengeneza. Nisikilize vizuri hapa: draya ya umeme huko inatumia volti 240 kwenye soketi ya ampia 30, ndio maana plagi yake ni lile dude kubwa, kuzima kwa batani hakutoshi, ICHOMOE. Kama yako ni ya gesi mwite mtu mwenye leseni, usianze kuvutavuta bomba la gesi na watoto wako ndani. Ya umeme mtu mwenye mkono mzuri anaifanya jumamosi moja. Namba ya modeli iko kwenye stika, fungua mlango uangalie pembeni pale, kwa namba hiyo agiza plastiki zote pamoja na felti ya mbele, na mkanda unaozungusha ngoma pia kama umechoka maana utakuwa umeshafungua tayari, ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na mashine mpya. Kabla ya kutoa chochote piga picha, hasa mkanda unavyopita kwenye mota na kapi yake, watu wengi wanakwamia hapo wanabaki kutazamana na mkanda. Waya za swichi ya mlango zichomoe taratibu, na ukitoa bodi ya mbele ngoma italala, iwekee kitu chini.

Felti ya zamani ikwangue yote, mpya ibandike kwa gundi inayostahimili moto, super glue hapana, iache usiku kucha ikauke. Na usipake grisi kwenye zile plastiki! Grisi inakusanya vumbi, halafu itayeyuka irudi kwenye mashuka, hapo sasa yule fundi wako atakuwa amesema kweli. Ukishafunga zungusha ngoma kwa mkono mzunguko mzima uangalie felti haijajikunja kwa ndani, ndipo uwashe na matambara mabovu kwanza.

Ukiwa umeifungua hivyo toa na manyoya yote ya nguo yaliyojazana chini. Mamlaka ya zimamoto ya Marekani kwa hesabu yao ya 2008 hadi 2010 walikadiria mioto ya draya majumbani kama 2,900 kila mwaka, na sababu iliyoongoza ni kutosafisha. Bomba la nyuma linalotoa hewa ya moto nje liwe la chuma, inchi 4, yale ya plastiki toa.

Kitenge mpelekee mtu wa cherehani akate ukingo apinde, doti nzima haijashonwa bado, utapoteza kidogo tu.

SWALI: Fundi mi niko Leicester, draya yangu ni ya tenki la maji, jezi yangu ya Simba namba imejikunja na kubanduka mgongoni. Draya mbovu? (Mnyama)

JIBU: Draya nzima, kosa ni moto. Namba za jezi zimebandikwa kwa gundi inayolainika kwa joto, sasa wewe unairudisha kwenye joto kila wiki. Angalia lebo ndani: mraba wenye duara lililokatwa msalaba maana yake usiweke kwenye draya kabisa, duara lenye nukta moja ni moto mdogo. Jezi ni poliesta, ukiianika ndani ndani hapo hata kwenye baridi ya Uingereza kesho imekauka. Iliyobanduka peleka kwa wanaochapa jezi wakubandikie upya. Mi ni Yanga ila kwa hili nimekuambia ukweli.