Jibu: Kupima presha ya macho parokiani Kadutu, kifaa kimoja hakitoshi

Ndugu uliyeuliza kama tonometa (kifaa cha kupima presha ya jicho) mliyopewa inatosha kutafuta wenye glakoma (ugonjwa wa neva ya jicho) kwenye parokia yenu hapa Bukavu: haitoshi. Presha ya kawaida ya jicho ni 10 hadi 21 mmHg, lakini wako wagonjwa wa glakoma ambao siku ya kupimwa presha yao ni 16 au 18. Ukimwambia mtu huyo kwamba ni mzima, atarudi nyumbani na ugonjwa unaokula neva ya jicho bila maumivu, na kilicholiwa hakirudi.

Watangulizeni wenye miaka 40 kwenda juu, hasa aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma. Na kila mtu aje na chupa za matone anayotumia. Hili naliona kubwa kuliko kifaa chenyewe. Matone ya deksametazoni (dawa ya steroidi) yananunuliwa farmasi bila karatasi ya daktari, macho ya mtoto yanaacha kuwasha, mama anaendelea kumtilia miezi na miezi, na presha inapanda bila dalili. Mtoto kama huyo aende kwa daktari wa macho hata kama ana miaka 8 tu.

Uwezo wa kuona upimwe jicho moja moja, mita 6. Kusoma mstari wa mwisho wa chati ya herufi si dawa ya wasiwasi, maana glakoma kwa kawaida huanza kula uwezo wa kuona pembeni.

Kabla ya tone lolote, shika tochi, chumba kiwe na giza kidogo. Mulika jicho moja sekunde 2 au 3, hamia la pili haraka, kisha rudi. Mboni ikitanuka pale mwanga unapoifikia, neva ya jicho hilo ina shida. Halafu mulika kutoka upande wa sikio, sambamba na uso: nusu ya airisi (duara la rangi linalozunguka mboni) iliyo upande wa pua ikibaki kivulini, nafasi ya mbele ya jicho ni finyu. Huyo msimtie matone ya kutanua mboni. Presha inaweza kupanda ghafla saa chache baadaye: jicho jekundu, kichwa kuuma sana, kutapika. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kama tonometa ni Schiotz (ile inayowekwa juu ya jicho), mgonjwa alale, alegeze kola, apumue kawaida. Kubana pumzi au kukaza kope kunaongeza namba. Kope zishikwe kwenye mfupa. Kidole kikigandamiza jicho mnapima nguvu ya kidole. Futa kifaa kwa alkoholi ya 70% kati ya mtu na mtu na ungoje kikauke kabisa, la sivyo kitaunguza konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho). Kwa sababu ya matone ya ganzi yanayotiwa kabla ya kupima, asisugue macho nusu saa.

Tafuteni pia anayejua kutumia oftalmoskopu (kifaa cha kutazama ndani ya jicho). Kikombe cha neva (shimo lililo katikati ya kichwa cha neva) kikifika 0.7 ya upana wa kichwa hicho, au macho mawili yakitofautiana kwa 0.2, ni rufaa, presha iwe yoyote. Presha inayozidi 21 irudiwe. Ikibaki juu, rufaa. Ikizidi 30, asingoje wiki ijayo.

Kwenye karatasi ya rufaa andikeni namba za kila jicho, saa ya kupima, jina la matone, na simu ya ndugu atakayemsindikiza. Na msigawe timololi (matone ya kushusha presha ya jicho) hapo parokiani: kwa mwenye pumu inaweza kuziba pumzi, na kwa mwenye moyo unaopiga polepole ni hatari.