Usiache vidonge kwa sababu tu unajisikia mzima

Pole dada, na hongera kwa kumaliza kemo (dawa za kuua seli za saratani) na mionzi ya saratani ya matiti. Unauliza kama unaweza kuacha tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni isichochee saratani, maana joto la mwili la usiku linaloletwa na dawa hiyo linakutesa na uvimbe haupo tena. Nakuomba usiache kimya kimya. Saratani ya matiti inayochochewa na homoni inaweza kurudi hata baada ya miaka 5, kwani seli chache huweza kubaki zimejificha mwilini bila kipimo kuziona. Ndiyo maana dawa hutolewa kwa miaka 5, wengine hadi 10. Hilo joto mweleze daktari, lina namna ya kupunguzwa. Mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, ni kila mwaka. Ukiona kijivimbe kwenye kovu, kikohozi kisichokoma au mfupa unauma wiki kadhaa mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki, nenda.