Digrii ya sayansi ya siasa: pigeni hesabu ya miaka inayofuata mahafali

Kila msimu wa kujiunga na vyuo ukifika, hupigiwa simu na wazazi wa huku kwetu Lamu, Kenya, kutoka Mokowe, Mpeketoni hadi Faza. Mtoto amepata nafasi ya sayansi ya siasa, je, inalipa? Kozi hiyo naijua kwa kuwa niliisoma. Nami huwauliza mawili. Karo inatoka wapi? Na huyu kijana akishamaliza, mwaka wa kwanza atakula nini? La pili ndilo zito, na ndilo familia nyingi haziliwazii.

La karo lina utaratibu wake. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unagawa gharama sehemu tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na mchango wa nyumbani. Mchango huo hutegemea kundi mliloingizwa, na kundi hutokana na majibu ya fomu ya kuomba ufadhili. Kwa hivyo mzazi, keti na mwanao mkiijaza. Mvuvi hana mshahara wa mwezi. Kusi ikivuma na bahari ikichafuka, kuna wiki nyumba haioni kitu. Hayo kijana wa miaka kumi na minane hawezi kuyaeleza peke yake. Mkiwekwa kundi lisilowafaa, kateni rufaa. Halafu ongezeni ambayo hayamo kwenye karo: boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa na Nairobi, kodi ya chumba, chakula.

Sasa mapato. Muuguzi akihitimu husajiliwa na baraza lake, mwalimu huenda TSC, tume inayosajili walimu. Mwenye digrii ya siasa hana msajili anayemsubiri. Anaweza kuomba kazi kwenye utawala wa kaunti, mashirika, utafiti, uchaguzi, hata ubalozi, ila kote huko anashindana na waliosoma sosholojia, uchumi na sheria. Nafasi zipo, hasa tangu Katiba ya 2010 ilete kaunti, lakini huchelewa. Mafunzo ya kazini ya Tume ya Utumishi wa Umma yamekuwa na posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi, na ni ya mwaka mmoja tu. Anayelipa kodi ya chumba Nairobi anajua zinakwisha tarehe ngapi.

Kuna pia wanaoichukua kwa sababu wanataka kugombea. Gavana anatakiwa kisheria awe na digrii, lakini sheria haisemi iwe ya siasa. Kwa nia hiyo pekee, someni fani yenye ajira ya karibu zaidi.

Mimi kilichonilisha mwanzo ni kukusanya data Siyu na Kizingitini, kibarua cha kulipwa kwa siku. Unashika tableti, unakaa ukumbini na mama mwenye nyumba, unauliza wanaokula hapa ni wangapi. Mmoja aliniambia kumi na mmoja, na tulipohesabu majina nikapata saba. Wanne walikuwa dago, kambini kwa wavuvi, na kwake yeye wangali watu wa nyumba ile. Uamuzi wa kuwaandika au kuwaacha hubadilisha kiasi cha chakula cha msaada kitakachopelekwa kijijini. Kazi iliyofuata niliipata kwa sababu niliweza kusafisha data kama hiyo na kuiandikia ripoti inayosomeka. Wenzangu wengi chuoni walikwepa masomo ya takwimu na mbinu za utafiti. Mdogo wangu unayesoma hapa, usiyakwepe, maana ndiyo mwajiri anayoyalipia.

Mkopo nao usiuogope, lakini usiusahau. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukiwa na deni la shilingi 200,000, hiyo ni 8,000. Adhabu ya kutolipa ni shilingi 5,000 kila mwezi, kwa hivyo miezi miwili ya kunyamaza inapita riba ya mwaka mzima. Kama hujapata kazi muda wa kulipa ukifika, waandikie mapema na uweke nakala.

Ushauri wangu kwa wazazi ni huu. Kama kundi lenu ni la mchango mdogo na mtoto anapenda kusoma na kuandika kweli, mpelekeni kwa moyo mweupe. Ni elimu inayomfundisha mtu kuuliza bajeti ya wadi yake imekwenda wapi, na Lamu tunawahitaji watu hao. Lakini kama ni mpaka iuzwe mashua au shamba, nasema hapana. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, iko hapa hapa Lamu, na stashahada ya afya ina njia fupi zaidi ya kufika kwenye mshahara. Siasa ataisoma baadaye, kwa pesa zake.

Na kabla ya kuthibitisha nafasi, mtafuteni mtu aliyehitimu kozi hiyo miaka mitatu minne iliyopita, mmuulize alilipwa lini mara ya kwanza, na kwa kazi gani.