Maswali ya Wasomaji: Chati Yako ya Nyimbo ya Kila Wiki

Barua za safari hii zote zinazunguka jambo moja: kupanga nyimbo uzipendazo kila wiki, kutoka namba moja hadi ya mwisho, kwa ajili yako mwenyewe. Tumezifupisha ili majibu yapate nafasi.

SWALI: Ndugu mhariri, nataka kuanza chati yangu. Niweke nyimbo ngapi, na wiki ifungwe siku gani?

JIBU: Hesabu kwanza nyimbo ulizozirudia kweli ndani ya wiki moja, si zile unazozikubali tu. Gawa kwa mbili. Ukihesabu nyimbo 40, anza na nafasi 20. Chati inahitaji foleni ya nyimbo zinazosubiri kuingia, la sivyo haisogei. Anayefungua nafasi 100 huku akisikiliza nyimbo 60 huishia kujaza mkia kwa nyimbo ambazo hajazigusa kwa miezi. Tena kuongeza nafasi baadaye ni rahisi, lakini kupunguza huvuruga rekodi, kwa sababu wimbo uliowahi kukaa namba 35 utakuwa umetoka kwenye hesabu kana kwamba haukuwahi kuingia.

Kuhusu siku, funga Alhamisi usiku. Tangu Julai 2015 kampuni za muziki katika nchi nyingi hutoa kazi mpya siku ya Ijumaa, na Billboard, jarida la Marekani linaloandaa chati, nayo ikahamisha wiki yake ya kuhesabu usikilizaji iwe Ijumaa hadi Alhamisi. Ukifunga Jumapili, wimbo uliotoka Ijumaa utaingia ukiwa na siku tatu tu, utaanzia chini, halafu wiki ya pili utaruka. Utadhani umekuvutia taratibu, kumbe ni kalenda tu.

SWALI: Nipange kwa idadi ya mara nilizosikiliza au kwa moyo? Nikitumia idadi, namba moja inakuwa wimbo ambao hata siupendi sana. Nikitumia moyo, kila wiki namba moja ni wimbo niliousikia asubuhi hiyo.

JIBU: Umeshataja kasoro za njia zote mbili. Sisi tunashauri idadi iwe msingi, na moyo upewe sauti ndogo yenye mpaka.

Kwanza amua kusikiliza ni nini. Kanuni ya Last.fm, huduma ya mtandaoni inayohesabu nyimbo unazosikiliza, inatosha: wimbo uwe na zaidi ya sekunde 30, na uwe umechezwa nusu yake au dakika 4, kipi kianze. Wimbo wa dakika 3 unahesabika ukifika dakika moja na nusu, na wa dakika 10 unahesabika ukifika dakika ya 4. Kisha weka kikomo: wimbo mmoja usihesabiwe zaidi ya mara 3 kwa siku. Bila kikomo hicho, usiku mmoja uliosinzia huku simu ikiurudia wimbo uleule unatosha kukupa namba moja ya bandia.

Pili, usitumie idadi ya wiki hii peke yake, maana chati itarukaruka kama chura. Chukua idadi ya wiki hii, jumlisha nusu ya wiki iliyopita, jumlisha robo ya wiki ya kabla yake. Tuseme wimbo A umesikilizwa mara 6 wiki hii, 10 wiki iliyopita na 12 ile ya kabla: 6 + 5 + 3 = 14. Wimbo B ni mpya zaidi: 11, 2 na 0, yaani 11 + 1 + 0 = 12. A bado uko juu ingawa wiki hii B umechezwa karibu mara mbili yake. Wiki inayofuata A ukipata 3 na B ukipata 10, hesabu inakuwa 8.5 dhidi ya 16. B umepita, na umepita kwa kishindo. Kuchelewa huko kwa wiki moja ndiko kunakotofautisha wimbo uliokukaa na wimbo uliokupitia tu.

Tatu, ongeza alama za moyo kutoka 0 hadi 3. Zaidi ya hapo moyo utaizidi nguvu idadi na utarudi ulikotoka. Zitoe kabla hujaona jumla: ficha safu ya jumla, andika alama, ndipo uifichue. Anayezitoa akiwa anatazama jumla hazitoi tena, anazitumia kumpandisha anayemtaka.

Nyimbo zikilingana, ulio na idadi kubwa zaidi wiki hii uwe juu. Zikilingana tena, ulio na wiki chache kwenye chati. Usiache sare. Chati ya kwanza ya Uingereza, iliyotoka kwenye jarida la NME tarehe 14 Novemba 1952, ilikuwa ya nafasi 12 lakini ilibeba nyimbo 15 kwa sababu ya sare. Kwa gazeti si tatizo, ila kwenye jedwali lako itaharibu kila hesabu inayofuata.

SWALI: Mimi husikiliza redio na santuri, hakuna kinachonihesabia. Kupanga nyimbo 40 kwa moyo kunanichosha hadi nakata tamaa.

JIBU: Unachoka kwa sababu unapanga upya kila wiki. Kulinganisha kila wimbo na kila mwenzake katika orodha ya 40 ni malinganisho 780, na hakuna sikio linaloweza. Anza na orodha ya wiki iliyopita. Toa zilizochuja. Wimbo mpya ulinganishe na ulio katikati, namba 20. Ukiushinda, ulinganishe na namba 10. Ukishindwa hapo, na namba 15. Endelea kugawa katikati. Hautahitaji zaidi ya malinganisho 6 kupata mahali pake.

Nyimbo za zamani zipitie mara moja kutoka chini kwenda juu. Linganisha kila wimbo na ulio juu yake, badilishana ikibidi, endelea na ulioshinda. Hapa wengi hukwama bila kujua: kwa njia hii wimbo unaweza kupanda nafasi nyingi kwa mkupuo, lakini kushuka ni nafasi moja tu kwa wiki. Ukiona chatini mwako kuna zinazoruka nafasi 8 juu na hakuna hata mmoja unaoanguka zaidi ya nafasi 1, ndilo tatizo lenyewe. Dawa yake ni kuung'oa wimbo uliokuchosha na kuuingiza upya kama mgeni, kuanzia namba 20.

Na swali la kujiuliza liwe moja siku zote: kama ningepewa mmoja tu sasa hivi, ningechukua upi? Ukichanganya na "upi una mashairi mazuri" au "upi ni mkubwa kihistoria", orodha haitakaa sawa kamwe.

SWALI: Msanii wangu ametoa albamu, na nyimbo zake 11 zimejaa kwenye 20 bora. Niziache?

JIBU: Ni uamuzi wako, ila uamue kabla ya albamu ijayo na si baada ya kuona matokeo. Machi 2017 Ed Sheeran alijaza nafasi 16 kati ya 20 za juu za chati ya Uingereza, na miezi michache baadaye waandaaji wa chati hiyo wakaweka kikomo cha nyimbo 3 kwa msanii kiongozi mmoja. Kwa chati binafsi tunaona 3 ni kali kidogo kwenye orodha ya 40, 4 inafaa. Nyimbo zilizozuiwa ziendelee kuhesabiwa pembeni, ili mmoja wa wanne ukichuja, unaofuata uingie na alama zake halali.

Kama hupendi vikomo, kuna njia ya upole: mpya usiingie hadi usikilizwe katika siku 3 tofauti. Kusikiliza albamu nzima mara moja, mwanzo hadi mwisho, huzipa nyimbo zote alama sawa, hata zile za kujazia. Siku tatu zinatosha kuzichuja.

SWALI: Kuna wimbo una wiki 31 na hautoki. Hausogei juu, hausogei chini.

JIBU: Chati kubwa nazo zina ugonjwa huo. Kwa miaka mingi Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Billboard, iliondoa wimbo uliotimiza wiki 20 ukiwa umeshuka chini ya nafasi ya 50. Uingereza tangu 2017, wimbo uliokaa muda na kushuka wiki tatu mfululizo huanza kuhesabiwa usikilizaji wake kwa thamani ndogo. Kwa orodha ya 40, sema hivi: wiki 20 zikitimia, ukiwa chini ya nafasi ya 20, unastaafu. Ukibaki juu ya hapo, uache. Bado unaupenda, ndiyo maana haupungui.

Uliostaafu unaweza kurudi, lakini kwa kuingia 10 bora tu, na hesabu ya wiki zake iendelee pale ilipoishia badala ya kuanza 1. Mlango huo usiufunge: wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey ulitoka 1994 na ukashika namba moja ya Hot 100 kwa mara ya kwanza Desemba 2019.

SWALI: Nina lahajedwali lenye karatasi 60, moja kwa kila wiki. Nikitaka kujua nafasi ya juu kabisa ya wimbo fulani, nafungua moja moja. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwenye hizo karatasi 60. Weka karatasi moja tu ya kumbukumbu, mstari mmoja kwa kila wimbo kwa kila wiki, na safu nne: tarehe, namba ya wimbo, nafasi, alama. Nafasi 40 kwa wiki 52 ni mistari 2,080 kwa mwaka, mzigo mdogo mno kwa kompyuta au simu. Karatasi ya pili iwe daftari la nyimbo: namba, msanii, jina. Ya tatu ndiyo ya kuonyesha chati ya wiki hii, na yenyewe ivute kila kitu kutoka kwenye hizo mbili: fomula ya COUNTIFS itakupa idadi ya wiki, MINIFS nafasi ya juu kabisa, na ya wiki iliyopita utaitafuta kwa tarehe na namba.

Tunasisitiza namba ya wimbo (0001, 0002 na kuendelea) kwa sababu majina ndiyo yanayoharibu chati nyingi. Jina likiandikwa mara moja na "ft." na mara nyingine na "feat.", au likibeba nafasi tupu mwishoni isiyoonekana, programu huona nyimbo mbili, na wimbo wako wa wiki 14 unakuwa "mpya". Remiksi ipewe namba ya wimbo mama, isipokuwa mdundo umebadilika kiasi cha kuwa kazi nyingine.

Mengine yanayouma: ukipanga safu moja peke yake bila kuchagua jedwali zima, nafasi zinahama na majina yanabaki, na hutagundua hadi wiki tatu baadaye. Fomula ya kutafuta, VLOOKUP, bila FALSE mwishoni hutafuta kinachokaribia, kwa hiyo huleta jibu la wimbo wa jirani bila kukuonya. MINIFS ikikosa wimbo kwenye kumbukumbu hurudisha 0, na ndiyo maana wimbo mpya huonekana umewahi kushika "nafasi ya 0". Ingiza wiki hii kwenye kumbukumbu kwanza, ndipo uulize. Nakili faili kila baada ya kufunga wiki, na uandike tarehe kwenye jina lake.

SWALI: Mwisho wa mwaka nilitoa alama 40 kwa namba moja hadi 1 kwa namba 40. Umeshinda wimbo ambao haukuwahi kufika hata 10 bora! Ni sawa?

JIBU: Kihesabu ni sawa, ila mizani yenyewe inapendelea wakaaji. Tuseme wimbo X ulikaa namba moja wiki 6, kisha wiki 4 namba 11, ukatoka. Wimbo Y ulikaa wiki 26 namba 15. Kwa alama zako X unapata 240 + 120 = 360, na Y 26 × 26 = 676. Y unashinda karibu maradufu.

Wengine hukimbilia kugawa 100 kwa nafasi. Hapo X unapata kama 636 na Y 173, na sasa umeangukia upande wa pili: kila kilicho nje ya tano bora hakina thamani. Tunachopendekeza ni 100 kugawa kwa kipeuo cha pili cha nafasi, yaani 100/SQRT(nafasi). X unafika 721 hivi, Y 671. Mfalme wa wiki sita anashinda, lakini mkaaji wa nusu mwaka anamhema kisogoni, na kwa sikio letu ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mwaka wa chati ufungwe mwisho wa Novemba, ili Desemba upate muda wa kuhakiki. Wimbo uliokatwa katikati na mpaka huo usiugawe: uhesabie wiki zake zote katika mwaka ulipopata alama nyingi zaidi.

SWALI: Nimekosa wiki mbili. Nizijaze kwa kukumbuka?

JIBU: Hapana. Kama idadi ilikuwa ikijihesabu kwenye programu, zitengeneze kutoka kwenye idadi hiyo, bila alama za moyo. Kama haikuhesabiwa, rudia orodha ya mwisho kwa wiki zote mbili na uziwekee alama ya "R". Chati za zamani za Uingereza zilifanya hivyo Krismasi, wiki ambazo orodha mpya haikuandaliwa. Wiki za R ziingie kwenye hesabu ya wiki kwenye chati, zisiingie kwenye alama za mwaka.