Fremu ya 212: namna ya kumwambia mwenzako ulichokiona kwenye katuni yake

"Safi sana, ila kuna kitu hakijakaa sawa."

Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa nikiwatumia wenzangu karibu kila wiki. Tulikuwa watu sita, kila mmoja ana kazi yake ya mchana, na usiku tunatengeneza filamu fupi ya katuni ya dakika 3 kwa Blender, programu ya kutengenezea katuni za kompyuta. Hakuna anayelipwa. Kila mmoja akimaliza kipande chake anakituma kwa wengine, nasi tunatoa maoni. Yangu niliyaona ya kiungwana: nauma kidogo, napuliza kidogo. Mpaka siku moja dada aliyekuwa anahuisha mhusika mkuu akaniuliza, "Kaka, hicho kitu kiko wapi? Nimekitazama kipande hiki mara thelathini sijakiona."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehisi tu, sikuwa nimetazama.

Nikakifungua tena, safari hii fremu moja moja, yaani picha moja baada ya nyingine. Tulikuwa tunatumia fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo kipande cha sekunde 10 ni fremu 240, na kuzipitia zote kwa kitufe cha mshale ni kazi ya dakika chache. Nilipofika ya 212 nikakikuta. Goti la kulia lilikuwa linanyooka ghafla kwa fremu moja, kisha linajikunja tena. Wanaotumia rigi, yaani mifupa ya kidijitali inayomchezesha mhusika, wanalijua tatizo hili: nyonga ikisogea mbali na unyayo kuliko urefu wa mguu unavyoruhusu, goti linafyatuka. Mtazamaji wa kawaida haoni goti. Anaona kamtikisiko, na anabaki na wasiwasi asioweza kuueleza, kama niliokuwa nao mimi. Nikamwandikia: "Fremu ya 211 hadi 213, goti la kulia linafyatuka. Nadhani nyonga imepanda mno." Akalimaliza usiku uleule.

Tangu hapo maoni yangu yanaanza na namba ya fremu, kisha kile jicho lilichoona, kisha, kama ninayo, dhana yangu kuhusu sababu. Dhana inakuja mwisho kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi huwa nakosea. Kuna kipande ambacho mhusika anaruka mtaro, nami nikaandika, "Anaruka polepole, mwongezee kasi." Mwenzangu akaongeza kasi, ikawa mbaya zaidi. Kumbe kasi haikuwa na kosa. Mhusika alikuwa anapaa bila kuchuchumaa kwanza, kwa hiyo mwili wake ulionekana hauna uzito. Kujiandaa kabla ya tendo ni mojawapo ya kanuni 12 ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wa Disney, walizichapisha mwaka 1981, na ni vizuri kuzifahamu hata kama wewe huhuishi, unatoa maoni tu. (Ila usizihubiri. Anayemwandikia mwenzake aya tatu kuhusu kanuni ya saba hajatazama kipande.) Laiti ningeandika tu "anaporuka naona kama ni puto", mwenye kazi angeitafuta sababu mwenyewe na kuipata.

Kosa lililotugharimu zaidi lakini halikuwa la maneno. Lilikuwa la wakati.

Katuni ya kompyuta inapita hatua: storibodi, yaani hadithi ikichorwa picha kwa picha, kisha animatiki, yaani zile picha za storibodi zikipangwa kwa muda pamoja na sauti, kisha blokingi, yaani kuweka mikao mikuu tu ya mhusika, kisha kulainisha mwendo, mwanga, na mwisho kurenda, yaani kuiachia kompyuta ikokotoe picha kamili ya kila fremu. Kila hatua ina maoni yake. Ukimwambia mtu aliye kwenye blokingi kwamba mwendo wake unakatakata, umemwambia asichohitaji kuambiwa. Lazima ukatekate, mikao ya katikati bado haijawekwa. Hilo halina madhara makubwa, atakucheka tu. Kinyume chake ndicho kinachoumiza.

Tulikuwa tumeshaanza kurenda nilipogundua kwamba onyesho la pili halina kazi kwenye hadithi. Nilisema, na wote wakakubali kwamba nina haki. Onyesho lenyewe lilikuwa la sekunde 40, yaani fremu 960, na kompyuta ya mwenzetu ilichukua kama dakika 4 kwa kila fremu. Hizo ni saa 64 za mashine ambayo mchana aliihitaji kwa kazi inayomlisha. Tukalitupa onyesho. Naye hakuonekana kwa wiki mbili.

Baadaye nikatafuta nilichoandika kuhusu onyesho hilo wakati wa animatiki, miezi kadhaa nyuma. Niliandika neno moja: "Poa." Niliitazama kwenye simu huku nakula.

Siku hizi maneno yangu makali nayamalizia kwenye animatiki, ambako kufuta onyesho ni kuburuta picha nne. Kazi ikishafika kwenye kurenda nataja kilichovunjika tu: mkono unaopenya nguo, kivuli kinachopepesa, ukuta uliogeuka rangi ya waridi kali kwa sababu programu haioni faili la picha yake. Ningependa koti liwe la bluu? Nameza mate. Hata hayo machache yanarekebishika kwa urahisi ikiwa mmerenda kwa picha moja moja badala ya faili zima la video, maana fremu tatu zikiharibika unarenda hizo tatu.

Anayetuma naye ana wajibu wake. Aseme yuko hatua gani na anataka tutazame nini, na jina la faili liwe na namba ya toleo. Niliwahi kukesha nikichambua toleo la 2 la kipande ambacho kilikuwa kimeshafika la 5.

Kuna jambo lingine nililifanya mara moja na sitalirudia. Nilifungua faili la kijana mmoja, nikarekebisha mwendo wa mhusika anayeketi, nikamrudishia na ujumbe, "Nimekusaidia kidogo." Ulikuwa bora, siwezi kusema uongo. Akashukuru, na hakuligusa tena faili lile, wala kipande kilichofuata. Mtu asiye na mshahara anarudi mezani usiku kwa sababu kazi ni yake, nilikuwa nimemnyang'anya. Sasa nikishindwa kueleza kwa maneno nachora juu ya fremu yake, au najirekodi kwa simu nikifanya tendo lenyewe. Nimeshawahi kuketi na kuinuka mara nane mbele ya kamera nimebeba begi zito, ili mwenzangu aone kiwiliwili kinavyoegemea mbele kabla makalio hayajagusa kiti. Alicheka sana, kisha akaelewa.

Maoni yakigongana, tuna mtu mmoja mwenye neno la mwisho, na tunamfuata hata anapokosea.

Sifa nazo nimejifunza kuzipa namba. Kijana yuleyule, kabla sijamkatisha tamaa, alikuwa na kipande ambacho macho ya mhusika yanageuka kwanza, yanasubiri fremu kama nane hivi, ndipo kichwa kinafuata. Kile kituo kidogo kilimfanya mhusika aonekane anawaza. Sote tulikipenda, na sote tukaandika "safi". Toleo lililofuata alikuwa amelainisha kila kitu, na kituo kimepotea. Alidhani ni kasoro. Tulikirudisha kutoka toleo la 6, ambalo kwa bahati hakuwa amelifuta.